Kibao Kisichosomeka Hakimfungi Mtu

Niseme mapema kwamba nilikuwa nakwenda kilomita 71 kwa saa. Sikatai. Askari alinionyesha picha kwenye tochi yake, na ndani ya picha ile gari langu lilikuwa limetulia kama limepigwa picha ya harusi, vibao vyake vya namba vikisomeka herufi kwa herufi. Nilimuuliza, kwa adabu zote anazostahili mtu aliyesimama juani tangu asubuhi, kibao cha hamsini kiko wapi. Akanyoosha mkono kule nilikotoka. Nikamwomba ruhusa nikakitazame. Akacheka, akasema, "Nenda tu mzee, hakijakimbia."

Nilirudi kwa miguu kama hatua mia nne. Kibao kweli hakikuwa kimekimbia. Kilikuwa kimesimama nyuma ya mwarobaini, nguzo imeinama kuelekea mtaroni kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Ile duara nyekundu ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Tarakimu ya kwanza ilikuwa imetoweka kabisa, na ya pili ilibaki kama kivuli cha sifuri. Chini yake, juu ya bati lile lile, mtu alikuwa amebandika tangazo la mganga anayerudisha wapenzi na mali zilizoibiwa. Tangazo lilikuwa jipya na lilisomeka vizuri.

Nikapiga picha, nikarudi, nikamwonyesha askari. Hakubisha. Alisema neno moja ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: "Lakini afande mwalimu, kila mtu anajua hapa ni hamsini." (Hilo la kuniita afande na mwalimu kwa pamoja nalichukulia kama heshima.) Nikapewa karatasi yenye namba ya malipo, shilingi 30,000, na nililipa jioni ile ile. Sikulipa kwa kuridhika. Nililipa kwa sababu kesho yake nilikuwa na mtihani wa kusimamia, na njia ya kupinga faini ile ingenigharimu siku mbili za kazi na nauli inayoizidi faini yenyewe. Wengi wetu hulipa kwa sababu hiyo hiyo.

Naomba nieleweke. Siandiki kutetea mwendokasi. Atakayeyatumia maneno yangu kujitetea kwa kupita shuleni na kilomita 110 atakuwa amesoma kichwa cha habari tu. Ninachopinga ni kauli ile ya "kila mtu anajua", kwa sababu ndani yake mna nadharia nzima ya dola, na ni nadharia mbaya.

Tuanze na swali ambalo wanafunzi wangu hudhani ni jepesi: kibao cha mwendo ni nini kisheria? Wengi hujibu kwamba ni tangazo la sheria. Wanakosea. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, imepigwa chapa na kuchapishwa, na mtu yeyote anaweza kuipata akitaka. Lakini mpaka wa mwendo katika kipande fulani cha lami, kuanzia hapa hadi pale, hauwezi kukaa ndani ya kitabu. Hakuna dereva anayeendesha huku akifunua kurasa. Mpaka huo hukaa juu ya bati. Bati lile ndilo ukurasa wa sheria mahali pale, na rangi, umbo, ukubwa na kimo chake ndiyo maandishi yake. Rangi ikipauka, ukurasa umefutika. Mti ukikifunika, kitabu kimefungwa. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba mwonekano wa alama ni suala la urembo, au la wahandisi peke yao, hajaelewa anachokisema. Ni suala la utangazaji wa sheria, na utangazaji wa sheria ni sharti la kwanza la kumwadhibu mtu.

Jambo hili si geni. Suetonius, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba mfalme Caligula alitoza kodi mpya bila kuzitangaza, watu wakawa wanazivunja bila kujua. Walipolalamika, alikubali kuzibandika hadharani, lakini aliziandika kwa herufi ndogo mno na kuzitundika mahali pembamba ili asiweze mtu kuzinakili. Walimu wa sheria wamekitumia kisa hicho kwa karne nyingi kuonyesha dhuluma inavyoweza kuvaa kanzu ya utaratibu. Mwaka 1964 Lon Fuller, katika kitabu chake The Morality of Law, alimbuni mfalme wake mwenyewe aliyeshindwa kutunga sheria kwa njia nane tofauti, na mojawapo ilikuwa kutozitangaza kwa wale waliotakiwa kuzitii. Fuller alishikilia kwamba utawala wa namna hiyo haustahili hata kuitwa sheria mbaya, kwa kuwa si sheria hata kidogo.

Tofauti kati ya Caligula na barabara zetu ni kwamba yeye alikusudia. Sisi tumezembea tu. Lakini kwa mtu anayelipa 30,000, tofauti hiyo haina thamani.

Tazama wenzetu walivyolishughulikia. Uingereza ina kanuni nzima, toleo lake kuu la karibuni likiwa la mwaka 2016, zinazotaja kila alama kwa mchoro, vipimo na rangi. Sheria yao ya mwaka 1984 inayosimamia matumizi ya barabara inasema kwamba, pale ambapo hakuna taa za barabarani za mpangilio uliowekwa, mtu hatatiwa hatiani kwa kuzidisha mwendo isipokuwa mpaka huo umeonyeshwa kwa alama zilizoagizwa. Angalia ustadi wake. Nao wana maeneo ambayo "kila mtu anajua" ni ya makazi. Ila hawakuliacha neno hilo likaelea hewani. Walisema: eneo lenye taa za barabarani zisizoachana zaidi ya yadi 200, yaani kama mita 183, litahesabiwa kuwa la maili 30 kwa saa. Taa ni kitu kinachoonekana na kuhesabika, na huwezi kubishana nacho. Kijiji chetu kina nini? Nyumba tatu, kibanda cha mihogo na mbuzi wawili? Makazi yanaanzia wapi na kuishia wapi? Pasipo taa, ni kibao tu kinachoweza kujibu, na kibao chetu kimekuwa bubu.

Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Uingereza ilipelekewa shauri la dereva aliyenaswa akizidisha mwendo katika barabara ambayo alama zake zilikuwa zimefunikwa na majani ya uzio ulioachwa ukakua. Mahakama haikuuliza kama alama ilikuwapo. Iliuliza kama, kufikia pale aliponaswa, dereva alikuwa amekwisha kupewa mwongozo wa kutosha kuhusu mpaka wa mwendo. Hatia yake ikafutwa. Nimewahi kulifundisha shauri hili kwa njia ya swali, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayenyoosha mkono na kusema: basi madereva wote watajificha nyuma ya majani. Hapana. Sheria yao inadhania kwamba alama iliyopo ni halali mpaka anayepinga athibitishe vinginevyo. Mzigo uko kwa dereva. Anachopewa ni nafasi tu ya kusema, "Njooni mkatazame."

Nikumbushe pia kwamba alama nzuri hazikuota zenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, barabara za Uingereza zilikuwa na vibao vya kila aina, kila halmashauri na mtindo wake, na magari yalikuwa yanaongeza kasi. Kazi ya kuzipanga upya alama ikakabidhiwa kwa Jock Kinneir na msaidizi wake Margaret Calvert, binti aliyezaliwa Durban, Afrika Kusini. Hawakuketi ofisini wakachora walichokipenda. Herufi za alama zilijaribiwa katika uwanja wa ndege wa Benson: watu wa kujitolea waliketi juu ya jukwaa, gari likawajia likiwa limebeba kibao, na ikapimwa ni umbali gani wanaweza kukisoma. Waligundua pia thamani ya kuandika majina kwa herufi ndogo zenye herufi kubwa mwanzoni, badala ya kuandika neno zima kwa herufi kubwa, kwa sababu jicho la mtu aliye kwenye mwendo hushika umbo la neno kabla halijasoma herufi zake. Ile alama ya shule, ya msichana anayemwongoza mvulana kwa mkono, Calvert aliichora akimtumia msichana aliyekuwa yeye mwenyewe utotoni. Nasisitiza hilo la mkono. Alama iliyotangulia ilikuwa na mvulana akimwongoza msichana. Mtoto aliyeshikwa mkono humshtua dereva.

Mkataba wa Vienna wa Alama za Barabarani wa tarehe 8 Novemba 1968 uliyakusanya mambo haya kuwa kanuni za mataifa. Unaagiza alama ziwekwe mahali ambapo dereva anayehusika ataweza kuzitambua kwa urahisi na kwa wakati. Neno "kwa wakati" ndilo lenye uzito. Unakataza kubandika juu ya alama au nguzo yake kitu chochote kisichohusiana na kazi ya alama hiyo. Unakataza kuweka bango lolote linaloweza kudhaniwa kuwa alama, kuificha alama, kuipunguzia nguvu au kumwaka dereva machoni. Nchi za SADC, kwa itifaki yao ya uchukuzi ya mwaka 1996, nazo zilikubaliana kuoanisha alama zao, na wizara yetu yenyewe ilitoa mwongozo wa uwekaji wa alama mwaka 2009. Mwongozo ule si mbaya hata kidogo. Kasoro yake ni kwamba umekaa kwa wahandisi, tena kwa Kiingereza, wakati anayeadhibiwa na anayeadhibu wote wawili wanazungumza Kiswahili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu. Sijui kwa nini mwongozo wa vibao ubaki nyuma, hali hakuna sheria inayosomwa na Watanzania wengi kila siku kuliko hiyo.

Sasa nirudi kwenye picha ya gari langu. Dereva wa Tanzania akiwa na kibao cha namba kilichofifia, kilichopinda au kilichochafuka matope, atasimamishwa. Na ni sawa, kwa sababu kibao cha namba kisichosomeka kinalificha gari machoni pa dola. Ataulizwa kuhusu taa moja iliyokufa. Ataulizwa kuhusu ufa wa kioo. Ataulizwa kuhusu pembetatu ya kuakisi mwanga, na akiwa nayo ataulizwa kuhusu ya pili. Raia ametakiwa asomeke. Haya, na dola je? Ni nani anayeisimamisha barabara na kuiuliza, "Mbona taa yako imekufa? Mbona uso wako umefifia? Toa kumbukumbu za matengenezo"? Mizani hii imelala upande mmoja tu, na tumeizoea mpaka tunaiona imesimama sawa.

Usiku ndipo mambo huharibika zaidi. Alama ya kisasa haing'ai kwa rangi yake. Hung'ara kwa sababu uso wake umevikwa karatasi maalumu yenye punje ndogo za kioo au miche midogo midogo, ambayo huchukua mwanga wa taa za gari na kuurudisha kule kule ulikotoka, kwenye macho ya dereva. Jua huila karatasi hiyo pole pole, na jua letu halina huruma. Nyekundu huwa ya kwanza kuondoka. Marekani waliliona hilo zamani: alama yao ya kusimama ilikuwa ya njano hadi mwaka 1954, na sababu kubwa ilikuwa kwamba rangi nyekundu isiyopauka haikuwa imepatikana. Kwa hiyo kibao kinaweza kuonekana kizima mchana na kuwa maiti usiku. Mkaguzi anayepita saa nne asubuhi na kalamu yake, akaandika "kipo", ameandika ukweli usio na faida.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Kwa mujibu wa jedwali la mafunzo ya udereva la Uingereza, linahitaji mita 53 kusimama kabisa katika hali nzuri. Likiwa kwenye kilomita 48, linahitaji mita 23. Kibao kinachosomeka ukiwa umbali wa mita 15 tu kinampa dereva wa mwendo ule wa kwanza chini ya sekunde moja. Hapo kimemsalimia tu, hakijamwonya.

Nitajibiwa kwamba hatuna fedha. Hoja hii huletwa kila mara, na mara nyingi ni ya kweli, kwa hiyo siidharau. Karatasi ya kuakisi mwanga inaagizwa nje, mashine ya kupima mwakisiko ni ghali, mtandao wa barabara ni mrefu. Lakini nitoe mfano mmoja kutoka nchi ambayo ina fedha. Mwaka 2008 Marekani iliweka viwango vya chini vya mwakisiko wa alama, ikazitaka mamlaka za barabara ziwe na njia ya kuvilinda. Mojawapo ya njia zilizokubaliwa ni hii: chukua mkaguzi mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, mpandishe kwenye gari la kawaida, mpitishe barabarani usiku kwa mwendo wa kawaida, na alama atakayoshindwa kuisoma kwa wakati ibadilishwe. Basi. Mzee, gari na giza. Wazee tunao, magari ya serikali tunayo, na giza hatujawahi kupungukiwa. Wastaafu wa kada zote wangeifanya kazi hiyo kwa posho ya kawaida na kwa furaha, na wangekuja na ripoti kali kuliko ya mshauri mwelekezi yeyote.

Fedha za faini nazo ni fedha. Kila kituo cha tochi kinakusanya. Sidai kwamba faini ziende moja kwa moja kwenye vibao, kwa sababu ninajua taratibu za bajeti, na ninajua pia hatari ya kumfanya askari aone kila dereva ni kopo la rangi. Nasema tu kwamba dola inayoweza kununua chombo cha kuusoma mwendo wangu kwa umbali wa mamia ya mita inaweza kununua rangi nyekundu.

Wizi wa vyuma ni tatizo la kweli. Kila msafiri ameona nguzo mbili zimesimama bila kibao kama fremu ya mlango usio na nyumba. Bati la alama huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na si ajabu sufuria uliyopikia wali jana iliwahi kuwa onyo la kona kali. Wanaoiba washitakiwe, na wanaonunua washitakiwe kabla yao. Lakini hoja yangu inasimama pale pale. Kibao kikiibwa, aliyeibiwa ni dola, na kilichoibwa ni tangazo lake. Huwezi kuibiwa tangazo lako halafu ukamtoza faini mtu ambaye hakulisoma.

Kuna jambo huwa linanifurahisha na kunihuzunisha kwa pamoja katika barabara zetu. Lori likiharibika mlimani, utingo hukata matawi na kuyapanga juu ya lami, moja, jingine mbele, jingine mbele zaidi, kwa kupishana kunakojulikana na kila dereva kuanzia Tunduma hadi Horohoro. Hakuna kanuni iliyoyaagiza. Hayaakisi mwanga. Lakini yanawekwa kwa wakati, yanawekwa mbali vya kutosha, ni mabichi siku hiyo hiyo, na hakuna anayeyabandikia tangazo. Kwa vipimo vya Vienna, tawi la utingo ni alama halali zaidi kuliko kibao kilichonigharimu 30,000. Kwamba watu maskini kabisa barabarani wameelewa kiini cha sheria hii kuliko ofisi zenye viyoyozi ni jambo la kutafakari kwa watumishi wa umma wanaonisoma. Najua mpo.

Sasa niseme kuhusu matuta. Tuta lisilo na alama, lisilopakwa rangi, lililojengwa na wanakijiji kwa hasira baada ya ajali, huwavunja watu migongo na kuwarusha bodaboda. Siwalaumu wanakijiji. Wanajenga tuta kwa sababu kibao kimewashinda kazi. Mahali ambapo alama inaheshimika kwa sababu inaonekana, watu hawahitaji kuzuia magari kwa udongo.

Nilisoma shule ya msingi iliyo kando ya barabara kuu. Nikiwa darasa la tano, mwenzetu mmoja wa darasa la pili aligongwa asubuhi akivuka, akiwa na fagio mkononi maana ilikuwa zamu yao ya usafi. Fagio lilibaki barabarani mpaka mwalimu mkuu alipotuma mtu akaliokote. Baada ya majuma mawili hivi kililetwa kibao, pembetatu yenye watoto wawili, na tukapangwa mstari kukiangalia kikichimbiwa. Wadogo walidhani yule mmoja aliyechorwa ni yeye. Hakuna aliyewasahihisha.

Kibao kile kipo mpaka leo. Nimepita hapo mara nyingi, na mwaka jana nilisimama. Watoto wawili hawapo tena. Jua limewala kuanzia miguuni. Imebaki pembetatu nyeupe isiyosema kitu, na pembeni yake kuna bango kubwa jipya la kampuni moja ya vinywaji, lenye jina la shule kwa herufi ndogo na chupa kwa ukubwa wa mtu mzima. Chini wameandika "Punguza Mwendo". Kampuni itajisifu kwamba imejali usalama. Mimi nauliza: jicho la dereva, katika ile sekunde moja aliyonayo, linakwenda kwenye nini? Kwenye chupa. Ndiyo maana Mkataba wa Vienna unakataza kuchanganya onyo na biashara, na ndiyo maana mkuu wa shule aliyepokea bango lile kwa vifijo alipokea zawadi yenye sumu kidogo. Simlaumu sana. Aliona pembetatu nyeupe na akaona bango jipya, akachagua linaloonekana.

Kwa hiyo wale wanaodhani ninadai haki ya madereva wamenisoma nusu. Mtoto wa darasa la pili hana tochi, hana leseni, wala hajui Sura ya 168. Ulinzi wake wote umewekwa juu ya bati lile. Tunapomwadhibu dereva bila kibao, tunapata 30,000. Hatupati dereva aliyepunguza mwendo mita 53 kabla ya kivuko. Faini huja baada ya gari kupita, na kwa mtoto aliye barabarani mapato yake hayana kazi. Tena kuna ubaya mwingine: faini hiyo inaificha dosari. Kila ripoti ya makosa ya mwendo inayojaa huandikwa kuwa ushahidi wa madereva wakaidi, wala hakuna anayerudi hatua mia nne kukitazama kibao.

Ninachotaka si kikubwa. Kanuni iseme wazi kwamba notisi ya mwendokasi haitakuwa halali isipoambatana na picha ya alama husika iliyopigwa siku hiyo hiyo na kituo hicho hicho. Kifaa kilekile kilichonipiga picha mimi kinaweza kugeuzwa upande wa pili. Askari atakayekuta kibao kimekufa ataripoti, na mpaka kitakapofufuliwa atasimama pale kama mwonyaji, si kama mtoza faini. Na niamini, kofia nyeupe ya trafiki kando ya barabara hupunguza mwendo kuliko bati lolote. Mgongoni mwa kila alama kuwe na namba yake na mwezi ilipowekwa, kama tunavyoandika kwenye mtungi wa kuzimia moto. Mkandarasi wa matengenezo asilipwe kwa kufyeka majani ya mtaroni akaacha tawi lililofunika kibao. Na mahakama zetu zianze kuuliza lile swali la mwaka 2006: kufikia pale aliponaswa, mtu huyu alikuwa ameambiwa?

Wapo wenzangu, wengine nawaheshimu sana, wanaosema kwamba hayo yatawapa wazembe mlango wa kutokea, na kwamba katika nchi yenye ajali nyingi kama yetu ni afadhali kumwonea dereva mmoja kuliko kumzika mtoto mmoja. Hoja hiyo ina nguvu, na ningeikubali kama ingekuwa kweli kwamba kumwonea yule kunamwokoa huyu. Sioni jinsi inavyotokea. Dereva aliyeonewa hajifunzi kuogopa kijiji. Anajifunza mahali tochi inapojificha. Utamsikia akiwaashiria wenzake kwa taa barabara nzima, na nusu kilomita baada ya tochi atakanyaga tena, penye shule au pasipo shule. Hapo tumeshamfundisha kwamba sheria ni askari, na askari akiwa hayupo sheria haipo. Kibao kinachosomeka hufundisha kinyume chake, kwa sababu chenyewe kipo saa zote.

Kwa wanafunzi wangu wanaosafiri likizo hii: mna simu. Mkiwa kwenye basi kaeni upande wa kushoto, pigeni picha vibao, andikeni kilomita na jina la kijiji, na mniletee muhula ukianza. Tutavipanga kwa barabara na tutavipeleka kwa wenye dhamana, pamoja na barua ya Kiswahili fasaha. Nitaanza mimi kwa ile picha ya mwarobaini.

Juma lililopita nilipita tena pale. Tangazo la mganga limetolewa na badala yake limebandikwa la mhubiri, mkutano wa siku tatu. Kibao hakijaguswa. Askari alikuwepo, wa zamu nyingine. Nilipita na kilomita 47, nikampungia mkono, naye akanipungia.